Mzee Njuguna Alipoketi Ndani ya Mtaro

Gambuti zangu za kwanza, vile viatu virefu vya mpira, zote zilikuwa za mguu wa kushoto. Baba alizinunua kwenye mji wa Ziwa siku ya soko, akazileta bila kuangalia, nami nikazivaa hivyo hivyo, mwanangu, nikitembea kama bata. Shule sikukaa sana, ndiyo maana nakumbuka viatu kuliko vitabu. Basi nilikuwa nazo miguuni siku ile mimi na kaka yangu Kiptoo tulipoenda kumaliza kukausha kinamasi.

Tulitaka mahindi pale chini. Mtaro wa kutoa maji ulikuwa umebaki kidogo tu ufike mtoni. Tukampata jirani yetu, Mzee Njuguna, ameketi ndani yake juu ya kigoda cha kukamulia ng'ombe, amejifunika blanketi.

"Mzee, toka, tunachimba," Kiptoo akamwambia.

"Chimbeni. Mimi sina haraka."

"Tutakufukia."

"Sawa. Na wageni wangu wakifika watalala wapi? Kwako, Kiptoo? Mama yako ana sufuria ya kuwatosha?"

Wageni ni korongo weupe, wale ndege wanaokimbia baridi ya Ulaya na kushuka hapa kwetu kila mwaka. Kiptoo alikasirika, halafu akacheka. Mzee hakutoka. Tukarudi na majembe yetu, maana mtu wa umri ule utamsukumaje?

Mvua ikaja. Mahindi ya shamba la juu yalikuwa yameota tu, viwavi wakaingia. Hicho ndicho kilikuwa chakula chetu cha mwaka mzima. Ndipo korongo wakainuka kutoka kinamasi, shamba likawa jeupe, wakapita mistari yetu polepole wakidonoa viwavi, kama watu wa palizi. Tulivuna. Mpaka leo nikila ugali nashukuru.

Sasa wewe unataka kujaza mchanga pale kinamasini ujenge nyumba za kukodisha. Jenga, mwanangu, lakini jenga huku juu. Pale chini paachie maji yake, anayetoka mbali apate pa kukanyaga. Mungu akupanulie boma, na mlango wako usikose wa kuupigia hodi.

Baada ya mavuno yale, Mama alinituma nimpelekee Mzee Njuguna maziwa ya shukrani. Nilimkuta na mkoba begani; binti yake alikuwa amemwita akaishi kwake. Akanywa akiwa amesimama, akapangusa mdomo.

"Wageni wangu wakija, wasalimie," akasema.

Akashika barabara, wala hakugeuka. Hatukumwona tena.