Habari Nusu

Miaka ya themanini nilikuwa mhudumu wa mezani katika hoteli moja ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Wafaransa walipoanza kuja kwa wingi, mpishi wetu mkuu, aliyewahi kufanya kazi Bujumbura, alitufundisha maneno yao huku tukimenya viazi. Bonjour na merci havikunishinda. Kilichonichosha ni "ça va?", yaani habari yako.

Kwetu kijijini Daa, mtu akikuuliza habari, unasimama. Unamweleza habari za watoto, ng'ombe, mvua, goti linalouma, kisha nawe unauliza ya kwake. Basi nikajifunza Kifaransa cha baridi na cha goti, nisije nikaulizwa nikakosa jibu. Asubuhi moja mama mmoja mgeni akaniuliza. Niliweka birika chini, nikaanza na baridi. Kabla sijafika kwenye goti, ameshakaa dirishani, anaomba siagi. Sasa uliuliza ya nini?

Wote walikuwa hivyo, wanauliza huku wanapita. Nikazoea. Ça va, ça va, kutwa nzima, sinia mkononi.

Likizo ilipofika nilishuka nyumbani, miguu imekufa ganzi. Mama aliacha kupalilia, akaja kunipokea uani.

"Habari za huko, baba?"

"Nzuri tu, mama." Nikampita, nikaenda kujitupa kitandani.

Kupitia dirisha nilimwona bado amesimama palepale, jembe mkononi, anangoja nimweleze.