Benchi Lililokaa Juu ya Mtaro

Rispa si mtu wa maneno mengi, ila akisema amesema. Nimekuwa jirani yake hapa mtaa wa Lucky Summer, Nairobi, tangu Frankline wake akiwa wa kubebwa mgongoni, na sijawahi kumwona akiomba ruhusa ya kufanya lililo sawa. Hushona sare za shule kwa cherehani iliyo mlangoni pake, chumba cha kwanza upande wa mto. Mvua ya mwaka juzi iliingia humo ikaloweka godoro, unga na vitambaa vya wateja. Tulimsaidia kuchota maji kwa sufuria huku akilia kwa hasira.

Maji yaliingia kwa sababu mtaro wa njia yetu ulikuwa umeziba. Na haukuzibuliwa kwa sababu juu ya vifuniko vyake wanaume wetu waliweka benchi, turubai na bendera ya chama chao cha upinzani. Hiyo ndiyo base yao, kijiwe cha siasa. Hapo hukaa kutwa wakiendesha nchi kwa mdomo, na spika wa bunge lao hilo ni Oketch, mume wa Rispa, aliyestaafu kazi ya reli.

Rispa alipowaendea kabla ya masika, nilikuwa nyuma yake. Aliwaambia mvua za siku hizi si zile za zamani, tabianchi imebadilika, mtaro ufunguliwe. Wakacheka.

“Mama Frankline, hiyo tabianchi ni stori ya serikali,” akasema Githinji, fundi wa viatu. “Ukikubali tu, kesho wanaleta tingatinga, wanasema hapa ni kwa mto, wanatubomolea.”

Hapo hakukosea kabisa. Nyumba za kule chini zilibomolewa kweli baada ya mafuriko.

Oketch naye akaongeza, “Mvua ni mvua. Kuogopa matone ni mambo ya akina mama. Chama chetu hakitishiki.”

Nilitamani kumzaba kofi. Rispa akawauliza, “Serikali ikisema moto unachoma, mtatia mkono ndani ili muipinge?”

Aliambiwa alete chai.

Jumamosi iliyofuata tulitoka wanawake wote wa ploti, majembe mabegani, mtaimbo mkononi mwa Rispa. Wanaume waliinuka mmoja mmoja wakinung'unika. Oketch peke yake hakubanduka. Alikunja mikono akatangaza kwamba bunge linaendelea.

“Baba Frankline, inuka.”

“Siinuki. Nikiinuka nitakuwa nimekubali.”

“Basi kaa.”

Rispa akatuashiria kwa kichwa. Tukashika benchi huku na huku, tukambeba nalo kama bwana harusi, tukamweka ng'ambo juani. Alihutubia njia nzima. Sisi tukachimba matope, chupa, nepi na viatu visivyo na wenzake hadi jioni.

Masika yakaja kwa ghadhabu. Maji yalipita mtaroni yakinguruma, na chumba cha Rispa kikabaki kikavu. Mvua ilipoanuka, Oketch alisimama mbele ya wenzake, kifua mbele.

“Si mmeona? Mafuriko yako wapi? Tuliwaambia ni uongo!”

Wakampigia makofi. Rispa aliondoa mguu kwenye cherehani, akamjibu kwa sauti iliyofika hadi mtaa jirani wa Baba Dogo:

“Endelea kusema, Baba Frankline. Mimi sikuchimba ili uniamini. Jumamosi tunafungua mtaro wa kule chini. Ukiukalia, tutakubeba tena.”