Nyasi za Ndama

Mama yangu alichukia nyasi jinsi watu wengine wanavyochukia panya. Kwetu Ukambani mwanamke alijulikana kwa usafi wa shamba lake, na tulipohamia Kitengela miaka ya tisini, baba alipopata kazi kwenye kiwanda cha simenti, mama alikuja na jembe lake na tabia zake zote. Siku hizo Kitengela ilikuwa uwanda mtupu. Unafungua mlango asubuhi, unakuta punda milia wamesimama karibu na kamba ya nguo wanakuangalia. Sasa ni ploti na nyumba za ghorofa. Nikipita pale natafuta kwa macho mahali mlango wetu ulipokuwa, na sipaoni. Naumia, jamani.

Jirani yetu alikuwa mama wa Kimaasai, nasi tulimwita Yeyo kama watoto wake walivyomwita. Tulimwinamishia vichwa, akatugusa utosini, na hiyo ndiyo ilikuwa salamu. Kila asubuhi alituletea maziwa kwenye kibuyu, yenye harufu ya moshi. Chai ya maziwa yale sijainywa tena popote, na chai nimekunywa si haba. Mama naye alimpelekea muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe. Kiswahili chao wote wawili kilikuwa cha kuokoteza, lakini walicheka pamoja mpaka sisi tukawaonea wivu.

Nyuma ya boma la Yeyo kulikuwa na kipande cha ardhi kilichozungushiwa matawi ya miiba. Ndani yake nyasi zilifika magotini, na huko nje uwanda wote umelishwa mpaka chini. Mama alikiangalia kile kipande miezi mingi, roho ikimwasha. Aliona ni uvivu tu, ardhi nzuri hivyo kulala bure. Mwishowe alimwendea mume wa Yeyo, na yule mzee akakubali kumkodishia. Yeyo hakuulizwa. Alikuja tu akasimama kando ya miiba, akamwambia mama kwamba hiyo nyasi ni ya ndama. Mama akacheka, akamjibu kwamba ndama watakula mabua.

Basi akalima. Alilima huyo mama! Aling'oa kila shina, akakung'uta mizizi, akachoma, pakabaki peupe. Wamama wa kwetu waliotutembelea Jumapili baada ya kanisa walimsifu. Na mvua ya kwanza haikumwaibisha. Tulichoma mahindi mpaka midomo ikawa myeusi, Yeyo akapata gunia lake, na mabua ndama walikula kweli. Mama alitembea kifua mbele mwaka mzima.

Mwaka uliofuata mvua ikakataa. Mahindi yalikauka kabla hayajanifika magotini. Udongo mweusi ulipasuka hadi mkono wangu ukaingia kwenye nyufa, na kwa vile hakukuwa na kitu cha kuushika, upepo uliuinua wote, tukala ugali wenye vumbi. Wanaume wakahamisha ng'ombe, wakapita mji wa Bisil, mbali huko kusini, kutafuta malisho. Nyumbani waliacha ndama wasioweza safari, kama walivyofanya kila kiangazi. Hapo ndipo mama alipoelewa kile kipande kilikuwa cha nini. Yeyo alikuwa akiwalisha ndama makatoni ya dukani, ameyalowesha kwa maji. Maziwa yaliisha, lakini yeye hakuacha kuja. Alikuja kila asubuhi mikono mitupu, anatugusa vichwa na kuondoka, na hiyo ndiyo ilimmaliza mama kabisa.

Siku moja tulimkuta Yeyo anachuna ngozi ya ndama, na ngozi nyingine zilikuwa zimetandazwa ukutani. Mama yangu, mtu ambaye hakuwahi kumwomba yeyote msamaha, hata baba, alikaa chini kwenye vumbi.

"Nililima chakula cha watoto wako," akasema.

Yeyo hakuinua kichwa. "Wewe unajua kupanda," akamwambia. "Basi panda."

Mvua iliporudi, mama alichukua gunia akaenda kando ya reli, akawa anachimbua vishina vya nyasi pamoja na mizizi yake, polepole, asiikate. Alivipanda kwa mistari, kamba imevutwa, kama maharagwe. Akapalilia pia! Mahindi yaliyojiotea aliyang'oa akatupa, nyasi akaziacha. Watu walipita wakicheka, wakisema Mkamba amerukwa na akili. Baba mwenyewe alicheka, mpaka mama alipomkata jicho. Kila jioni alienda kuzitazama, akimwomba Mungu kwa Kikamba afanye haraka kidogo. Nampenda mama yangu kwa mambo mengi, lakini kwa jioni zile nampenda zaidi.

Nyasi zikashika, zikajaza kipande chote. Asubuhi moja Yeyo akaja kumwita wafungue lango la miiba pamoja. Mama alivaa nguo yake ya kanisa. Nyasi zilisimama pale kwa mistari iliyonyooka, malisho ya kutosha ndama wa boma zima.

Akaingia ndama mmoja. Ndiye aliyekuwa amebaki.

Mama alibaki ameshika tawi la lango, miiba inamchoma, na hakuliachilia mpaka Yeyo alipomfungua vidole.