Taji ya Yesu Chini ya Dirisha la Jikoni

Utomvu wa mmea ule haukuwa na harufu kali. Ulinukia kijani tu, kama maharagwe mabichi yanapovunjwa, lakini mimi hadi leo harufu hiyo ikinifikia natema mate. Kwetu ni Kabazi, kwenye mteremko unaotazama Subukia, na chini ya dirisha la jikoni mama alikuwa ameotesha mmea ambao kila mtu aliuita taji ya Yesu: miiba mitupu, majani machache, na vijiua vyekundu mwaka mzima. Kila Kwaresima akina mama wa kanisa walitegemea matawi yake kusuka taji la mchezo wa Ijumaa Kuu. Mama alijivunia jambo hilo kuliko ng'ombe wake wote.

Mimi nami nilikuwa na Jasusi, paka wa kijivu aliyelinda ghala letu la mahindi. Panya walimjua! Mwaka huo mvua ndefu zilikuwa zimeanza, na mama alikata matawi asubuhi akayarundika barazani ili utomvu mweupe ukauke. Jasusi hakuwahi kuona rundo la kitu akalipita hivi hivi. Alijisugua humo, kisha akaketi kujilamba manyoya. Kufikia jioni mate yalikuwa yakimtiririka, jicho moja limefumba, na kila akijaribu kula analia na kurudi nyuma.

Mama alifanya lile ambalo kila mtu kwetu hufanya akishuku sumu: alichukua maziwa ya ng'ombe akammiminia mdomoni kwa kijiko. Maskini, hakujua lingine. Jasusi aliyatapika yote, tukammiminia tena. Hakuna aliyefikiria kumwosha, kwa hiyo akaendelea kuulamba ule utomvu. Kesho yake daktari wa mifugo alikuja kwa jirani kutazama ng'ombe, nikamkimbilia nikilia, nikamleta hadi barazani kwetu. Alimfungua Jasusi mdomo, akatikisa kichwa.

"Mngemwosha na sabuni mapema. Sasa ameungua mpaka kooni. Mama, huu mti ni mbaya kwa paka. Ng'oa."

Mama alishtuka kana kwamba ametukanwa. "Ati ning'oe taji ya Yesu, daktari? Na wiki hii?"

Jasusi alikufa kabla ya Ijumaa Kuu, chini ya meza ya jikoni, kwa njaa na kiu, bakuli lake likiwa limejaa. Nilimchukia mama, wallahi nilimchukia. Kanisani, watu walipolia kwa kuiona ile miiba kichwani mwa seremala aliyeigiza Yesu, mimi nilimlilia paka wangu.

Sasa naishi Nakuru mjini, na ukiuliza kuhusu mmea ule simu hukujibu kabla chai haijapoa: mmea huo si salama kwa paka, utomvu wake huunguza mdomo na macho. Pasaka iliyopita nilimsomea mama yote, taratibu. Alisikiliza kwa adabu. "Paka mwenye akili hagusi," akasema, akaenda kutafuta panga la kukatia matawi ya Ijumaa Kuu. Nilipochukua jembe niung'oe mwenyewe, alilia kama mtoto, mama yangu na uzee wake, nikalirudisha. Paka aliowazika tangu wakati ule hata yeye hajui idadi yao. Panya wakizidi huleta mwingine. Huyu wa sasa ni mdogo, mweupe, na binti yangu alikuwa amempakata akiniuliza tumwite nani. Nilimwambia asimpe jina.