Désiré na ng'ombe waliofungiwa ndani

Nimeandika nikafuta, nikaandika tena. Akili yangu bado haijakubali kwamba Désiré wetu wa IT tumemzika. Jumapili tumecheka naye, Jumatano naambiwa moyo umesimama. Mtu ambaye hata mvi moja hana.

Mliofanya kazi naye hapa Kigali mnamjua. Ukienda kunywa chai ukaacha kompyuta wazi, anakaa kwenye kiti chako na kuiandikia ofisi nzima kwa jina lako: "Leo sambusa za wote ni juu yangu." Na unanunua kweli.

Mimi nimenunua zaidi ya mara moja.

Alipenda michezo ya kompyuta, na alikuwa na ugomvi na duka la mtandaoni anakoinunua. Duka hilo lina bei ya kila nchi. Kuna nchi zimepunguziwa, Rwanda haimo, kwa hiyo sisi tunalipa dola zilezile anazolipa mtu wa Ulaya. Désiré akianza kulisema hilo, meeting imeharibika.

Otieno, Mkenya wetu wa mauzo, akamwambia, "Bro, si ubadilishe nchi tu? Jiandikishe unaishi kule kwenye bei nafuu. Kila mtu anafanya hivyo."

"Mimi niko Kagarama, Kigali. Nitaandika Kagarama."

"Watakukamua."

"Wanikamue. Lakini kitu kitakuwa changu, hakuna mtu wa kunifungia."

Kitu kitakuwa changu. Nikikumbuka maneno hayo napandwa na hasira upya.

Kila mara aliwaandikia customer care, kwa adabu zake zote, Kifaransa juu, Kiingereza chini. Na wao jibu lao lilelile: asante kwa kuwasiliana nasi, bei hupangwa kwa kuzingatia eneo lako. Eneo gani jamani? Wamewahi kufika?

Mwishowe alinunua kwa bei yao. Mchezo wenyewe wa shamba na mifugo, na wala hakuwa anacheza peke yake. Alicheza na mama yake.

Mama anaishi Nyakabanda, hapahapa Kigali, fundi cherehani, amekulia Bujumbura. Baba yake Mama alikimbilia Burundi akaacha ng'ombe huku Rwanda. Mama hakuwahi kuwaona, alisimuliwa tu majina yao utotoni. Basi kila Jumapili wakitoka misa, Désiré anafungua kompyuta, na Mama anawapa ng'ombe wa mle ndani majina yale: Bihogo, Gaju, mpaka wote wakaenea.

Nimewakuta kwa macho yangu. Mama kavua viatu, kavaa miwani ya kushonea, anamgombeza mwanawe: "Wewe, Gaju iko na kiu, mpe maji kwanza. Simu baadaye."

Kompyuta hiyo ilikuwa ya ofisi. Baada ya mazishi ilirudishwa, ikafutwa kila kitu. Ndiyo sheria, na aliyeiandika sheria hiyo ni Désiré.

Nikampelekea Mama kompyuta yangu tuingie upya kwenye akaunti yake ya duka, ng'ombe wamehifadhiwa humo. Password hatukuwa nayo, nikaomba nyingine. Duka likatuma code kwenye simu ya marehemu, ambayo Mama ameiweka pale kwenye meza ya cherehani.

Simu ikasema, kwa sauti ya Désiré: "Usimpe mtu hiyo code! Hata mimi usinipe!"

Alijirekodi mwenyewe, akaiweka iwe mlio wa messages za duka lile peke yake. Ofisini tulimcheka sana, halafu tukasahau.

Mama aliishika meza kwa mikono miwili. Mimi nilishindwa hata kumtazama.

Code yenyewe hatukuiona. Simu inafunguka kwa kidole chake, laini ukiihamisha inadai PIN yake, na messages alizificha zisionekane kwenye kioo, kama alivyotuhubiria sisi sote.

Nikawaandikia duka. Nikaeleza, nikaambatisha cheti cha kifo. Wakajibu: tunaomba mwenye akaunti awasiliane nasi mwenyewe.

Nikaandika tena, nikajizuia nisitukane. Wakajibu: poleni kwa msiba, ila akaunti hairithishwi.

Kwa hiyo ulipe bei ya tajiri, useme ukweli unakoishi, na ukifa kumbe kitu hakikuwa chako. Otieno mwenye anwani ya uongo anacheza mpaka leo.

Na yeye kaumia, msimwone hivyo. Alikuja na pesa yake akitaka kumnunulia Mama mchezo uleule. Mama akamshika mkono. "Asante, mwanangu. Lakini hao watakuwa ng'ombe wengine."

Jumapili iliyopita nikaenda tena. Nikakuta simu ya Désiré imejaa chaji.

"Rehema, omba ile code."

"Mama, hatuwezi kuisoma."

"Yego, najua. Wewe omba tu."

Nikaomba. Usimpe mtu hiyo code, hata mimi usinipe. Mama akafumba macho, akatabasamu kidogo.

"Tena."

Nikaomba tena, na tena, mpaka simu ikanyamaza. Kwenye kioo changu duka likaandika: majaribio yamezidi, kwa usalama wa mteja wetu tumesitisha kutuma code.

Usalama wa mteja wetu.

"Wamefunga?" Mama akauliza.

"Wamefunga, Mama."

"Mpaka lini?"

Nikafunga kompyuta.

Nyie wa duka, kama yupo binadamu anayesoma: bei mtashusha mkitaka. Ng'ombe kaeni nao, kama lazima mkae nao. Lakini ile code itumeni, hatutaingia nayo popote.

Na wewe Désiré, kazi yako uliifanya vizuri mno, umetufungia nje wote. Ila huyo anayejaribu kuingia kwako Jumapili si mwizi. Ni mama yako.

Lala, ndugu yangu. Simu yako iko kwenye chaji.