Pumzi ya Samadi

Kwa miaka thelathini na mmoja Mwalimu aliliandika neno methani ubaoni, na miaka yote hiyo alipikia mkaa. Kaboni moja, hidrojeni nne. Gesi isiyo na rangi wala harufu. Hutokea vitu vinapooza pasipo hewa. Huwaka kwa mwali wa buluu. Wanafunzi walikariri, wakafaulu, wakasahau. Yeye akastaafu, akafiwa na mume, akabaki na vitabu na jiko lenye mguu mmoja mbovu.

Ng'ambo ya ua, hatua ishirini tu, aliishi wifi yake, dada wa marehemu, aliyeacha shule darasa la tano. Wifi alikuwa na ng'ombe watatu, na ofisi ya mifugo ilikuwa imemchagua yeye kujengewa mtambo wa biogesi: shimo la saruji la kumiminia samadi na maji, kuba juu yake, na bomba la kuingia jikoni. Fundi alipomaliza alibandika kibao chenye jina la ukoo kwa rangi nyeupe, akampa Wifi maelekezo, akaenda kujenga kwingine.

"Hiyo methani ndiyo nini hasa?" mshonaji wa jirani alimuuliza Wifi mbele ya majirani, Mwalimu akiwa papo hapo.

"Pumzi ya samadi, shoga. Unaifungia shimoni, nayo inapumua. Pumzi hiyo ndiyo unayopikia."

Watu wakaangua kicheko, na wote wakaelewa. Mwalimu akaona wivu. Miaka thelathini na mmoja, hakuna aliyewahi kucheka darasani kwake kwa sababu ameelewa.

Jumamosi iliyofuata Wifi aliita wageni waje kuona moto usio na moshi. Jiko jipya la gesi lenye plate mbili lilikuwa limesuguliwa likang'aa. Mwalimu alikaa benchi la nyuma, akahesabu siku kichwani. Hazikuwa nyingi tangu shimo lijazwe.

"Wifi, gesi ya kwanza mliitoa nje?" aliuliza kwa upole.

"Niitoe niipeleke wapi? Nimeibana mwenyewe, sijapoteza hata pumzi moja!"

Wageni wakacheka tena. Mwalimu akaelewa. Fundi lazima alikuwa amemwambia, na Wifi, kwa ubahili wake, hilo ndilo aliloona halina maana. Gesi ya kwanza huwa imechanganyika na hewa iliyobaki shimoni na kwenye bomba. Pengine kiberiti kingezima tu, Wifi aumbuke mbele ya mtaa mzima. Zima, Mwalimu aliomba moyoni, na ombi hilo lilikuwa tamu kama asali. Lakini pengine moto ungerudi ndani ya bomba.

Wifi akatoa njiti. Kupitia dirisha Mwalimu alikiona kile kibao. Jina lilikuwa la marehemu mumewe, lile lile aliloitwa yeye shuleni miaka yote. Yakitokea ya kutokea, watu hawatasema Wifi, watasoma kibao.

Akainuka, akapenya katikati ya wageni, akamshika Wifi mkono na kumnong'oneza:

"Usiwashe. Kafungue koki ya nje, gesi yote hii iende zake. Ina hewa, itatulipua."

"Unanionea kijicho," Wifi alinong'ona kwa hasira.

"Naam, nakuonea. Lakini kafungue koki."

Wifi akairudisha njiti kwenye kiberiti na kuwageukia wageni, uso mkavu kama si yeye.

"Jamani, gesi ya kwanza haipikiwi, humwagwa. Mtambo una adabu zake! Rudini nitakapowaita."

Siku alipowaita tena, mwali ulisimama wa buluu, mtulivu, vile vile Mwalimu alivyouchora ubaoni miaka nenda miaka rudi. Chai ikachemka upesi. Mtaa mzima ulikuwa ukimsifu Wifi kwa busara yake ya kumwaga gesi ya kwanza, na kila sifa Mwalimu aliihesabu.

"Hivi wifi yako kasoma wapi haya yote?" mshonaji alimuuliza.

Wifi, birika mkononi, akainamisha macho sakafuni.

Mwalimu aliipuliza chai yake taratibu.

"Nyumbani kwetu," alisema. "Sisi nyumba yetu nzima imesoma."

Kisha akamsogezea Wifi kikombe, aongezewe chai.