Bangili ya Nyemo

Jamani, leo mhunzi kaniuliza swali moja tu, nikakosa pa kuuweka uso.

Mnajua mimi na mdogo wangu Nyemo tulivyokuwa tukiosha yale matope yanayotupwa nyuma ya karakana ya reli. Humo mna chembechembe za shaba. Mjerumani anaziita taka. Sisi tulizichuja kwa kata, tukaziweka, zije kuwa bangili yake ya harusi.

Leo nikazipeleka kwa Mzee Juma. Ndiyo kwanza amerudi kutoka kwao Kondoa.

Akayeyusha, akamimina, akagonga mpaka zikawa ufito unaong'aa.

Sasa, bangili hukunjwa kwenye mkono wa mwenyewe.

"Haya mwanangu, mwite bibi harusi. Yuko wapi?"

Wenzangu, Nyemo tulimzika mvua zilipoanza. Homa. Mzee hakuwepo.

Nikanyoosha mkono wangu.

Akacheka. "Mkono mnene huu? Ufito nimeukata kwa kipimo cha ule wake mwembamba!"

Kisha akaniangalia usoni.

Kicheko kikakatika. Akaukunja ufito ule mkononi mwangu, polepole. Nyundo tu inagonga, na machozi yananitoka mbele za watu, sina hata haya.

Ncha hazikukutana. Pamebaki mwanya wa upana wa kidole.

"Lete shaba kidogo, nitauziba," akasema kwa sauti ya chini.

Nimemwambia auache hivyo hivyo.

Nyie mngeuziba?